Muulize Mwalimu: “Nina miaka 61, kichwa hakishiki”

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu akishapita ujana, ubongo wake hufanyaje kazi anapojifunza kitu kipya? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeisoma mara tatu, na jibu lake limekuwa refu kuliko nafasi ninayopewa kwa kawaida. Mhariri ameniruhusu.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 61, nimestaafu kazi ya uhasibu. Mjukuu wangu wa kwanza ana miaka miwili na nusu, na alizaliwa kiziwi. Binti yangu na mumewe wanajifunza lugha ya alama ili wazungumze naye, nami nikajiandikisha darasa hilohilo. Tatizo ni kwamba kichwa changu hakishiki. Binti yangu akifundishwa ishara kumi jioni, asubuhi anazo zote kumi. Mimi asubuhi nimebaki na nne, na katika hizo nne mbili nazichanganya: ya “maji” na ya “mama”, kwa kuwa zote mkono unafika kidevuni. Kinachonikata maini zaidi ni kwamba ishara yenyewe naijua. Nikiiona nasema, hii tumefundishwa. Lakini ilikuwa ya nini? Hapo ndipo pananishinda. Juzi mjukuu alinifanyia ishara moja mara tatu, akanitazama usoni, kisha akageuka akaenda kwa mama yake.

Kaka yangu aliponikuta nalia akaniambia niache, samaki mkunje angali mbichi. Halafu nikasoma kwamba wazee wakijifunza, ubongo wao kwenye picha huwaka kuliko wa vijana. Sasa Mwalimu, huu wangu unawaka kwa sababu una nguvu, au kwa sababu unaungua?

*Bibi wa mjukuu mmoja*

JIBU

Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la kuwaka, maana neno lenyewe limewatia watu hofu bure. Ndani ya kichwa hakuna kinachowaka. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni hukimbilia pale, na mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inaweza kuitofautisha damu hiyo na ile iliyopungukiwa oksijeni. Rangi nyekundu na njano unazoziona kwenye picha huwekwa na kompyuta baadaye, kumwonyesha mtafiti ni wapi damu iliongezeka wakati wa kazi fulani. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya nishati yake, umelala au uko macho. Basi huungui. Ubongo wako uko kazini.

Lakini uko kazini kwa namna gani? Mwaka 1995 Cheryl Grady na wenzake waliwapa vijana na wazee sura za watu wasiowajua wazikariri, huku wakipigwa picha za ubongo. Kwa vijana, hipokampasi ilionekana ikifanya kazi, pamoja na sehemu ya mbele upande wa kushoto, nyuma ya paji la uso. Hipokampasi ni kipande kidogo kilichojikunja ndani kabisa, usawa wa sikio, na ndiyo inayofungasha kumbukumbu mpya. Kwa wazee sehemu hizo zilikuwa kimya kuliko za vijana, na walipoulizwa baadaye walizitambua sura chache. Kwa hiyo si kweli kwamba ubongo wa mtu mzima huwaka zaidi kila mara. Kuna mahali hupungua, tena ni palepale pa kuhifadhia.

Baadaye ikajitokeza picha nyingine. Mwaka 2002 Roberto Cabeza na wenzake waliwapa vijana na wazee kazi ya kumbukumbu, ila wazee waliwagawa mapema: waliokuwa na kumbukumbu nzuri na waliokuwa na kumbukumbu dhaifu. Vijana walitumia zaidi upande mmoja wa sehemu ya mbele ya ubongo. Wazee dhaifu nao walitumia upande uleule mmoja. Wazee waliofanya vizuri ndio waliotumia pande zote mbili. Soma tena hapo, dada yangu, maana ndipo lilipo jibu la swali lako. Ndoo uliyokuwa ukiinua kwa mkono mmoja, sasa unaishika kwa mikono miwili, na inanyanyuka.

Sitakudanganya kwamba wataalamu wote wanaisoma picha hii hivyo. Wapo wanaosema baadhi ya hayo mawako ya ziada si msaada, ni mipaka iliyofifia. Mwaka 2004 Denise Park na wenzake walionyesha kwamba kwa kijana, sehemu za ubongo zinazoshughulikia sura, nyumba na maneno zimejitenga vizuri. Kwa mzee zinaanza kuingiliana. Mimi naamini yote mawili yapo, na kichwa kimoja kinaweza kuwa nayo yote mawili jioni hiyohiyo. Hiyo “maji” na “mama” yako huenda ina harufu ya jambo hili la pili: vitu viwili vinavyofanana vinahitaji ubongo uvitenge kwa makini, na kutenga ndiko kunakochoka.

Sasa hili la kuijua ishara na kuikosa maana. Halina aibu yoyote, na lina maelezo. Tangu mwaka 2000 Moshe Naveh-Benjamin amekuwa akionyesha kwamba umri haudhuru sana kukumbuka kitu kimoja kimoja. Unadhuru zaidi kukumbuka kwamba kitu hiki kilikuwa pamoja na kile. Ndiyo maana mtu mzima hukutana na uso anaoujua vizuri, na jina likamkimbia. Uso upo na jina lipo, kamba iliyoviunganisha ndiyo imelegea. Kwako mkono upo na neno “maji” umelijua tangu utotoni. Kinachokosekana ni fundo.

Na fundo linafungika. Nikupe kisa cha darasani kwangu. Nilifundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa miaka 33, masomo ya jioni. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa seremala wa miaka 66. Kwa majuma matano nilimwandikia herufi ubaoni, akazinakili kwenye daftari kwa mwandiko wa kupendeza, mstari baada ya mstari, na kesho yake hakuijua hata moja. Nilianza kuamini, na leo inaniuma kwamba niliamini, kuwa amechelewa. Jioni moja umeme ukakatika tukakaa gizani tukizungumza, nikamuuliza: hizi herufi ukizitazama wewe fundi, unaona nini? Akanyamaza kidogo. Kisha akasema T ni nyundo. L ni skwea ya kupimia pembe. I ni msumari uliosimama. S ni maranda yanavyojikunja yakitoka kwenye randa. Umeme uliporudi tulikuwa tumefika herufi kumi na moja, na juma lililofuata alikuwa nazo tisa.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti wa Jessica Logan na wenzake wa mwaka 2002, nikamkumbuka yule mzee hadi nikaweka karatasi chini. Waliwaambia wazee wakiwa ndani ya mashine: karirini maneno haya. Sehemu ile ya mbele upande wa kushoto ilifanya kazi kidogo kuliko ya vijana, kama alivyoona Grady. Kisha wakawapa maneno bila kuwaambia wayakariri. Waliwataka tu wafikirie maana ya kila neno na kutoa uamuzi juu yake. Sehemu ileile ikaamka. Nguvu ilikuwepo wakati wote, haikuwa imekufa. Ila ukimwambia mtu mzima “kariri” ukaishia hapo, ubongo wake hauichukui ile njia ya kutafuta maana wenyewe kama wa kijana unavyofanya. Unahitaji kushikwa mkono na kupelekwa mlangoni.

Kwa hiyo, dada yangu, acha kukariri kama binti yako. Mwambie mwalimu wenu akupe ishara tano, si kumi. Hili silisemi kwa kukuonea huruma. Patricia Reuter-Lorenz na mwenzake walieleza mwaka 2008 kwamba ubongo wa mtu mzima huita nguvu za akiba mapema, kwenye kazi ambayo kwa kijana bado ni nyepesi; mzigo ukizidi, akiba imekwisha na kila kitu kinamwagika pamoja. Kwako ishara kumi ni kumwagika. Tano zitakaa.

Kila moja ya hizo tano iulize: mkono huu unafanana na nini? Kwa nini unagusa hapa na si pale? “Maji” na “mama” usizijifunze siku moja kwanza. Shika moja mpaka ikukae, ndipo uilete ya pili, uziweke pamoja na kusema kwa sauti zinatofautiana wapi, kidole kipi kinanyooka na kipi kinakunjwa. Kisha funika daftari. Watu wengi hurudia kwa kusoma tena na tena, na wanajisikia wanajua kwa sababu macho yamezoea. Kinachofunga fundo ni kulivuta jibu kutoka kichwani bila kutazama, hata ukikosea, ndipo uhakikishe. Fanya hivyo usiku huohuo, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya juma. Na ulale vizuri katikati, kwa kuwa usingizi mzito ndio unaoimarisha yaliyofungashwa mchana, na usingizi huo hupungua umri ukienda; usiupunguze zaidi kwa kukesha na daftari.

Nimebakiza kaka yako. Watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wa miaka 60 hivi kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka kwa zamu, kwa muda wa miezi mitatu, na mwaka 2008 wakatoa matokeo. Ni wachache tu waliofikia ustadi ambao vijana wa miaka 20 waliufikia. Lakini kwa walioweza, ubongo uliongezeka katika sehemu ya kufuatilia vitu vinavyotembea na hata katika hipokampasi. Walipoacha mazoezi, ukarudi ulivyokuwa. Samaki aliyekauka haongezeki.

Ila methali yake isitupwe, kwa sababu nyumbani kwenu yupo ambaye inamhusu kweli, naye ni mjukuu. Mtoto kiziwi asiyepata lugha anayoweza kuiona katika miaka yake ya mwanzo hupoteza kitu ambacho ni kigumu sana kukirudisha ukubwani. Ubongo wake ndio mbichi, na kila ishara unayoifunga wewe kwa taabu, yeye anaipokea bila taabu. Akikufanyia ishara usiyoijua, usitazame pembeni. Mwonyeshe uso wa kuuliza, mkono wako ufuate wake, mwache akurudishie mara ya nne. Hata kurudia ulikokosea ni mazungumzo.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34. Ofisini tumebadilisha programu ya kutunza kumbukumbu, na nimepewa kazi ya kuwafundisha wenzangu, wengi wana miaka 50 na zaidi. Naeleza hatua kwa hatua, nawauliza “mmeelewa?”, wanasema ndiyo. Kesho yake wananiita meza kwa meza kwa jambo lilelile. Nawaheshimu, lakini nachoka. Kosa liko kwao au kwangu?

*Mfundishaji asiye mwalimu*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kosa liko kwenye kasi na kelele, na vyote viwili viko mikononi mwako.

Nilipofika miaka 62 niliamua kujifunza kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama kibodi. Maisha yangu yote nilichapa kwa viwili. Kazi ngumu ilikuwa ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa kuwa ndicho kinachobonyeza herufi “a”, na lugha yetu imejaa “a” kila kona. Jaribu kuandika “wanawafahamu” uone. Kidole ambacho maisha yote hakijafanya kazi yoyote, leo kinabeba herufi inayojirudia kuliko zote. Kijana aliyenifundisha alikuwa mwema sana, na alikuwa akizungumza muda wote. Natafuta “a”, yeye anasema “usisahau mgongo, kaa wima.” Nanyoosha mgongo, “a” imepotea. Nikaanza tena, akasema “vizuri, sasa angalia kidole gumba.” Siku aliyoumwa koo akaja hana sauti, nilichapa ukurasa mzima.

Adam Gazzaley na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2005. Waliwaonyesha watu sura na mandhari kwa kupokezana, wakawaambia: zikumbukeni sura, mandhari ziacheni. Ubongo wa vijana uliongeza nguvu kwenye sura na kuzipunguza mandhari. Ubongo wa wazee uliongeza kwenye sura vizuri tu. Uliposhindwa ni kupunguza. Mandhari ziliendelea kuingia. Mtu mzima hakosi umakini, mwanangu. Anakosa mlango wa kuwafungia wasioalikwa, na wewe unapoeleza hatua ya nne huku yeye anabonyeza ya pili, wewe ndiye mgeni asiyealikwa.

Pia kuna kasi. Timothy Salthouse alieleza mwaka 1996 kwamba fikra zikienda polepole kidogo, matokeo ya hatua ya kwanza huwa yamefifia kabla hatua ya tatu haijafika kuungana nayo. Hapo mtu ameelewa kila hatua peke yake na bado hakushika safari nzima. Ndiyo maana wanakujibu “ndiyo” na hawasemi uongo.

Basi eleza jambo moja, kisha nyamaza. Usikishike kipanya chao hata kama mikono inakuwasha. Mkono wako ukifanya, ubongo unaojifunza ni wako. Usiulize “mmeelewa?”. Sema “nionyeshe”, halafu rudi alasiri useme tena “nionyeshe”, bila kuwatajia hatua. Zaidi ya yote anza na programu ya zamani. Hao wana miaka 20 ya kazi vichwani, wanajua kila faili lilikuwa likikaa wapi na kwa nini. Waambie: kile mlichokuwa mkikifanya pale, sasa kinafanyika hapa. Kwa kijana aliyeajiriwa jana utaanza na ukuta mtupu. Kwao ukuta una misumari tayari, unatundika tu.

Na tafadhali, mtu wa miaka 50 usimwite mzee mbele ya kompyuta. Kusikia kwamba umri ndio tatizo kunatosha kumfanya ashindwe jambo aliloliweza asubuhi.

SWALI

Mwalimu, baba yangu ana miaka 74. Tumemnunulia simu mpya na amekataa katakata kujifunza, akielekezwa anakasirika. Zamani hakuwa hivyo. Nitajuaje kama ni umri au ni maradhi?

*Binti mwenye wasiwasi*

JIBU

Simu peke yake haikuambii kitu, binti yangu. Tazama anavyoyafanya aliyoyazoea. Mtu anayechelewa kushika jipya, lakini ukimkumbusha kidogo anasema “aa, kumbe”, huyo anaenda na umri wake. Ninayempeleka kwa daktari bila kungoja ni yule anayeuliza swali lilelile ndani ya saa moja akiwa hakumbuki kwamba alijibiwa, anayepotea njia aliyoipita miaka yote, anayekwama katikati ya kazi aliyokuwa akiifanya amefumba macho, au aliyebadilika tabia kwa namna ambayo nyumba nzima imeiona. Umesema zamani hakuwa mtu wa hasira. Hilo peke yake linatosha kwenda kuuliza.

Kabla hamjaogopa lililo kubwa, yapo madogo yanayotibika, na daktari atayatafuta. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kidogo, sonona, usingizi unaokatika kwa kukoroma na kukosa pumzi. Mbebee dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile alizojinunulia mwenyewe: baadhi ya dawa za mzio na za usingizi huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji ili uhifadhi mapya, na mzee huathirika nazo kuliko kijana.

Tena mpimeni masikio. Hili nalisisitiza kwa sababu linasahaulika katika nyumba nyingi. Mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu yote ya ubongo kukisia umesema nini, na haibaki ya kujifunzia ulichokisema. Anaitikia kwa hasira kwa sababu ya aibu, nanyi mnadhani ni ukaidi. Wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet waliorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kushughulikiwa, na kupungua kwa usikivu ni mojawapo. Mkae upande wa sikio lake zuri, zima redio, mwonyesheni jambo moja tu ambalo yeye mwenyewe analitaka: kumpigia mtu fulani anayempenda. Mengine yangoje.

SWALI

Nina miaka 68, mjane, nina muda mwingi. Watoto wameniwekea chemshabongo kwenye simu ili akili isilale, nazijaza kila siku, lakini sioni tofauti. Niendelee? Nyumbani nina kamera ya marehemu mume wangu, iko kabatini, sijawahi kuigusa, na nilifikiri labda niiuze nijiunge na chama cha matembezi.

*Mama wa kamera*

JIBU

Pole kwa kuondokewa, mama. Chemshabongo zikikufurahisha endelea nazo, ila ujue zinakufanya hodari wa chemshabongo. Uhodari huo hauhamii sana kwenye mambo mengine, na ndiyo maana huoni tofauti.

Matembezi yaanze kesho. Kirk Erickson na wenzake waliwagawa wazee 120 makundi mawili mwaka mzima: nusu walitembea kwa kasi, mpaka wakafikia dakika 40, siku tatu kwa juma, nusu walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Hipokampasi za watembeaji zilikuwa zimekua kwa kama asilimia 2, wakati za wenzao zilipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya umri huo.

Lakini kamera usiiuze. Denise Park, yuleyule niliyemtaja kwa bibi wa ishara, na wenzake walichukua watu wa miaka 60 hadi 90, wakawapa miezi mitatu ya kujifunza kitu kigeni kabisa kwao, kama saa 15 kwa juma. Wengine walijifunza kupiga picha kwa kamera ya kidijitali na kuzihariri kwenye kompyuta, wengine kushona mafarishi ya viraka, wengine vyote viwili. Kundi jingine lilikutana kupiga soga, kucheza na kutembezwa, bila la kujifunza. Mwaka 2014 walitangaza kwamba kumbukumbu iliimarika kwa waliojifunza, hasa wa kamera, kuliko kwa waliokutana kwa soga.

Kaichukue kabatini. Chaji betri usiku huu, na kesho ukienda kutembea uivae shingoni. Siku ya kwanza tafuta kitu kimoja tu: kile kitufe cha kubadilisha mwanga unaoingia, kiko wapi, na picha inakuwaje ukikizungusha.